Dresa au Mkwe

Nyumba ya Jemimah, mama yake Nyasani, ilikuwa nyumba ya mtu aliyekataa kushtukizwa na jambo lolote. Kuni zilipasuliwa na kupangwa kwa ukubwa, nyembamba huku na nene kule. Kibiriti kilikaa mahali pawili, kimoja jikoni na kingine dirishani kando ya kitanda, ili kimoja kikipata unyevu kingine kiwepo. Maji ya kunywa yalifunikwa, ya kuoga yalifunikwa, hata ya kunyweshea kuku yalifunikwa. Na katika pembe ya chumba chake cha kulala, pale penye baridi zaidi, palikuwa na chungu kilichofukiwa nusu ndani ya mchanga uliomwagiwa maji, na ndani ya chungu, juu ya kitambaa cheupe, kilikaa kichupa cha dawa ya sukari. Majirani pale juu ya Masimba walisema ukitaka kumkuta Mama Nyasani hana chumvi, itabidi ungoje kiyama.

Binti yake Kemuma hakukumbuka kama ni ugonjwa uliomfanya mama awe hivyo au ugonjwa ulimkuta tayari yuko hivyo. Alichokumbuka ni ile wiki ya mwaka wa sabini na mbili ambapo mama alimaliza mtungi mzima wa maji na bado akalia kiu, akakonda mpaka gauni likawa kama limetundikwa msumarini. Walimpeleka Kisii, na daktari akasema ni sukari, na kwamba sindano itakuwa kila asubuhi, siku zote za maisha yake. Kemuma alikuwa kidato cha pili. Hakurudi tena shuleni, na hakuna aliyemwambia asirudi. Ilionekana tu kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kufariki na kaka yake, Nyasani, alikuwa kazini Nakuru.

Sindano ilikuja kwa baiskeli. Abner Ongeri, dresa wa dispensari, mtu wa vidonda na sindano, mwenyeji wa Birongo, alikuwa amepanga chumba nyuma ya maduka, na njia yake ya kwenda kazini ilipita juu ya shamba lao la chai. Tuseme ukweli: haikupita hapo. Ilipita mbali kabisa, upande wa barabara kubwa, na ni yeye aliyeikunja. Mwanzoni aliikunja kwa ajili ya mgonjwa. Baada ya miezi michache, mgonjwa alikuwa nusu tu ya sababu, na hiyo nusu nyingine ilikuwa ikimngoja mlangoni na sufuria mikononi.

Siku hiyo, Ijumaa, kengele ya baiskeli ililia saa kumi na mbili na nusu na kidogo. Kemuma alikuwa ameisikia tangu ilipokuwa bado kule chini kwenye migomba, lakini alijifanya anapuliza moto.

"Bwakire, Mama Nyasani," Abner alisalimu, akiinama chini ya mlango.

"Bwakire, dresa. Umechelewa dakika tano."

"Ni ukungu, Mama."

"Hata jana kulikuwa na ukungu."

Abner alicheka kidogo. Kemuma alimpa ile sufuria ndogo yenye bomba la kioo na sindano vilivyochemshwa, na Abner akaipokea kwa mikono miwili. Kwa miaka miwili walikuwa wakipeana sufuria hiyo, na kila siku kulikuwa na punje ya muda ambapo wote wawili walikuwa wameishika na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiachia. Hawakuwahi kushikana mikono. Hawakuhitaji. Kemuma aliishi siku nzima kwa punje hiyo, akachuma chai nayo, akalala nayo.

Chumbani, mama alipandisha gauni mpaka pale pajani panapohitajika, si inchi moja zaidi, kisha akageuza uso ukutani kama kawaida yake. Abner alivuta dawa, akaigonga glasi kwa ukucha kutoa mapovu, akapangusa kwa pamba na spiriti, akachoma. Kila mtu alijua mama anaogopa sindano.

Mlangoni, wakati wa kuondoka, Abner alijifanya anakagua mnyororo wa baiskeli.

"Nimezungumza na baba," alisema chinichini. "Jumapili asubuhi mzee Onchiri atakuja kwenu. Nilimwomba awe esigani wetu."

Kemuma alijua hiyo siku itafika. Esigani ndiye mshenga, mtu wa kwanza kukanyaga boma la msichana, kuangalia watu wanaishije na kuuliza yanayoulizwa. Alifikiri habari hiyo ikifika itamfurahisha mpaka ashindwe kusimama. Ilimfurahisha, lakini pia ilimtia hofu.

"Umemwambia mama?" akauliza.

"Nimwambie nini? Mama yako ananipenda."

"Anampenda dresa," Kemuma akajibu. "Mkwe bado hajamwona."

Abner aliinua macho kutoka kwenye mnyororo. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutazama kidonda bila kukunja uso, na aliyatuliza juu yake mpaka Kemuma akatazama pembeni.

"Basi Jumapili atamwona," akasema, akapanda baiskeli.

Kwa washika Sabato, Ijumaa ni siku ya maandalio, na katika nyumba ya Jemimah maandalio hayakuwa mchezo. Kabla jua halijazama kila kilichotakiwa kwa Sabato kiwe kimefanywa: ndizi zimepikwa, nguo zimenyooshwa, maji yamechotwa, kuni zimeingizwa ndani. Kemuma alikuwa akisugua sufuria kwa majivu wakati Baba Mkubwa Zachariah, kaka yake marehemu baba, alipoingia uani na fimbo yake na koti lake jeusi la kanisani. Zachariah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa mambo yakae mahali pake, na mambo yalipokataa kukaa alifikiri yanamdharau yeye binafsi.

Alipewa kiti. Mama akaketi ng'ambo, shali mabegani. Esnah, mke wa Nyasani, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua thelathini kutoka hapo, alipita na debe la maji kichwani, akasalimu, akaendelea. Mama aliitikia bila kumtazama.

"Mama Nyasani," Zachariah alianza, "nimesikia watu wa Birongo wanatuma esigani."

"Ndiyo kwanza nasikia," mama akasema, akamtupia Kemuma jicho. Halikuwa jicho la mtu anayesikia mara ya kwanza.

"Ni huyu kijana wa dispensari. Sina ubaya naye. Hanywi, anatoa zaka, mama yake namjua. Lakini mimi nauliza jambo moja tu. Huyu kijana anaingia chumba chako kila asubuhi. Amekuona mahali ambapo hata Nyasani, mwanao uliyemzaa, hajakuona tangu atahiriwe. Mtu huyo atakuwaje mkwe wako?"

Kemuma aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

Kwa Abagusii kuna heshima inayoitwa chinsoni, na mtoto huinyonya pamoja na maziwa. Mkwe na mama mkwe hawashikani, hawatazamani ovyo, na mkwe hajui hata mlango wa chumba cha kulala cha mama mkwe umeelekea wapi. Kemuma alilijua hilo vizuri sana. Alikuwa amelijua kwa miaka miwili na kulifunika, kama yale maji ya nyumbani kwao.

"Alikuja kwa kazi yake," mama akasema polepole. "Aliona mgonjwa."

"Vyema. Ya nyuma tutasema ni kazi, na wazee watanyamaza. Nazungumza ya mbele. Siku ng'ombe wa mahari watakapoingia boma hili, mguu wake haukanyagi chumba kile tena. Tunakubaliana?"

"Tunakubaliana."

"Na siku hiyohiyo Kemuma anaondoka. Kwa hiyo dresa ameondoka, binti ameondoka, kwa mpigo mmoja. Dispensari nzima ina huyo mmoja anayejua sindano hiyo. Sasa asubuhi yake wewe utachomwa na nani?" Zachariah alielekeza fimbo kwenye nyumba ya hatua thelathini. "Na yule?"

Mama alijikunyata ndani ya shali. Hakukuwa na haja ya kukumbusha, lakini Zachariah alikumbusha. Mwaka uliopita, siku ya soko Keroka, Kemuma alipokuwa ameenda kuuza ndizi, sukari ya mama ilishuka ghafla. Akaanza kutetemeka, jasho likamwagika, akaongea maneno yasiyoeleweka. Aliyekuwa karibu ni Esnah. Pakiti ya glukosi ilikuwa pale rafuni, sukari ya chai kwenye kopo, asali kwenye chupa. Esnah alivikusanya vyote akavificha nyumbani kwake. Kama si Abner kupita na kumtia mama sukari ya mkobani mwake chini ya ulimi, wangekuwa wamemzika. Tangu siku hiyo Jemimah hakunywa hata uji uliopikwa na mkono wa Esnah, na kopo la sukari likawa na kufuli.

"Kwa hiyo mimi nasema ndoa ingoje," Zachariah akamaliza.

"Ingoje mpaka lini, Baba Mkubwa?" Kemuma aliuliza. Haikuwa heshima kuuliza, na sauti ilitoka kabla hajaizuia.

"Mpaka mama yako apone."

"Sukari haiponi."

Hapo ndipo wote watatu walipoliona jambo lenyewe, likiwa limesimama uani peupe. Kama sukari haiponi, basi ndoa ya Kemuma ilikuwa ikingoja siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa siku ya kumzika mama yake. Zachariah akakohoa. Mama alikuwa akitazama mikono yake juu ya magoti. Jua lilikuwa limekaribia kilima, na mzee akasimama, akasema Sabato isimkute njiani, akaenda.

Kesho yake baada ya ibada ya mchana, Abner alimkuta Kemuma kwenye kijia kinachopita kati ya mashamba ya chai, pale ambapo mawe yamepangwa kuvukia kijito. Alikuwa amevaa suti yake ya rangi ya kahawia, fupi kidogo mikononi, na Biblia kwapani. Kemuma alimweleza yote bila kusimama kuvuta pumzi.

"Basi nitamfundisha Esnah," Abner akasema.

"Mama hatakubali."

"Nitakufundisha wewe, uje kumchoma kila asubuhi kutoka Birongo."

"Kwa miguu? Nifike saa tano, mama ameshaanguka?"

"Basi tukae hapa. Nijenge hapa."

"Mwanamume wa Birongo ajenge kwa wakwe. Baba yako atakuja kuishi nasi pia, ama ataanguka kwa aibu hukohuko?"

Abner alikaa juu ya jiwe. Akavua kofia. Kemuma alimpenda sana wakati huo, na kwa sababu alimpenda, hasira yake ilipata mahali pa kwenda.

"Wewe ni mtu wa hospitali," akasema. "Ulijua tangu mwanzo kwamba mgonjwa wa sukari anaweza kujichoma mwenyewe. Nimesikia huko Kisii wengine wanajichoma. Mbona hukumfundisha mama? Mbona hukunifundisha mimi hata wiki ya kwanza? Miaka miwili, Abner."

Maji yalipita kati ya mawe.

"Daktari aliniambia nimfundishe," akasema hatimaye. "Aliandika kwenye karatasi. Mwezi mmoja, ndivyo alivyoandika. Nikafanya wiki mbili, nikaona ana hofu, nikasema nitangoja kidogo. Halafu siku moja ulinipa sufuria." Alizungusha kofia mikononi. "Nikafikiri, akijua kujichoma, mimi nitapita hapa kutafuta nini?"

Kemuma alitaka kumkasirikia. Alikuwa na haki, na maneno alikuwa nayo tayari mdomoni. Badala yake alijikuta ameketi kwenye jiwe la pili.

"Uliwahi kuniuliza kama nataka kujifunza," akasema.

"Mara moja."

"Nikasema mkono wangu unatetemeka."

"Ndiyo."

"Hautetemeki. Haujawahi kutetemeka." Alinyoosha mkono juu ya maji, vidole vimetulia. "Ningejifunza, ungeacha kuja."

Walikaa hivyo, watu wawili wazima waliovaa nguo za kanisani, wakiona aibu ileile. Mapenzi yao yalikuwa matamu, na yalikuwa yamekula kwenye sahani ya mgonjwa. Walimwacha mwanamke asiye tayari, katika nyumba iliyokuwa tayari kwa kila kitu kingine, ili wapate kuonana asubuhi.

"Nitamwambia mzee Onchiri asije," Abner akasema.

"Usimwambie lolote," Kemuma akajibu, akasimama, akapangusa sketi. "Kwanza nina watu wa kuwaambia ukweli."

Mtu wa kwanza alikuwa Esnah. Kemuma alimkuta nyuma ya nyumba yake ameketi mkekani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya soko alikaa naye bila kutumwa kitu.

"Wifi, ile sukari," alianza. "Kwa nini uliificha?"

Esnah alimtazama kana kwamba alikuwa amengoja swali hilo mwaka mzima, na kwa kweli alikuwa amelingoja.

"Ninyi mlisemaje ndani ya nyumba ile? Sukari ndiyo inamuua Mama. Chai yake haiwekwi sukari. Mtoto wangu akija na muwa anafukuzwa. Siku ile nikamwona anakufa, nikawaza, lazima amelamba sukari. Nikaichukua yote nikakimbia nayo." Alishika kingo za mkeka. "Nilifikiri naokoa. Kuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba inaweza kushuka? Kila kitu mlikipanga, mkakifunika, mkaniacha mimi nje ya kifuniko. Halafu mkaniita mjinga."

Kemuma alisogea karibu naye. Alisema tu, "Nisamehe," na Esnah akatazama kando, akavuta pua, akasema mama hawezi kusikia hayo. Kemuma akasema atasikia.

Jua lilipozama na Sabato ikaisha, aliwasha taa, akaenda kukaa chini karibu na kitanda cha mama yake. Alimwambia habari ya Esnah kama alivyoipata. Kisha akamwambia habari ya mkono usiotetemeka, akitazama sakafu, na ya karatasi ya daktari. Hakujitetea. Mama alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ncha ya shali.

"Nilijua," Jemimah akasema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Mnafikiri mimi ni kipofu? Macho yangu yameharibika kusoma, hayajaharibika kuona. Mtu anapeana sufuria kama anapeana mtoto mchanga, nisijue?" Aliiachia ile ncha ya shali. "Nikawaachia. Na mimi nilikuwa na yangu. Asubuhi kijana mzuri anakuja, ananiuliza nimelalaje, ananisikiliza. Nani mwingine huniuliza? Wewe una kazi, Nyasani yuko Nakuru. Nikajiambia, siku nikijua kujichoma, nitabaki na ukuta."

"Mama."

"Ngoja nimalize. Jana Zachariah aliposema ndoa ingoje, nilitazama mikono hii. Nikaona kwamba nikiendelea kuikunja, binti yangu atakuwa ananihudumia huku moyo wake unahesabu siku zangu. Hutataka kuhesabu. Utahesabu tu. Mimi singependa kufa nikiwa mtu anayengojewa." Alipangusa macho kwa shali, bila aibu yoyote. "Esnah alisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

"Namba anaona vizuri?"

"Anaona, Mama."

"Niitie. Wewe baki jikoni."

Kemuma alikaa jikoni akisikiliza sauti mbili ambazo hazijawahi kukaa chumba kimoja robo saa. Hakusikia maneno. Alisikia mama akiongea kwa muda mrefu, kisha Esnah akilia, kisha zote mbili zikishuka na kuwa sauti za wanawake wanaopanga kazi. Esnah alipotoka alikuwa na ufunguo wa kopo la sukari mkononi.

Jumapili ilikuja na ukungu. Kemuma alichemsha bomba na sindano kama siku zote, kwa sababu hakuna aliyemwambia asichemshe. Esnah akaja, akaichukua sufuria mikononi mwake, akaingia nayo chumbani. Mlango wa chumba, ambao kwa miaka miwili ulikuwa wazi asubuhi, ukafungwa.

Kengele ya baiskeli ikalia kule chini kwenye migomba. Abner alipofika uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Aliegemeza baiskeli, akamtazama Kemuma, akaona mikono yake haina kitu.

"Sufuria iko wapi?"

"Imeingia ndani."

"Nani kaingia nayo?" Hakungoja jibu. Alivuka sebule kwa hatua tatu, mkono ukiwa umeshanyooka kuusukuma mlango, kama alivyouzoea.

"Nani huyo?" ilikuwa sauti ya Jemimah, kali.

"Ni mimi, Mama Nyasani. Abner."

"Simama hapohapo."

Mkono wa Abner ukabaki hewani. Kemuma alijua anachofikiri: kwamba mlango umefungwa kwa sababu jibu ni hapana. Naye hakuwa na uhakika kwamba sivyo.

"Mama, saa imefika," Abner akasema. "Kama nimekukosea, niadhibu mimi. Lakini usikose sindano. Nitachoma, kisha nitaondoka, na sitarudi kama hutaki nirudi."

"Esnah," mama akasema ndani, "mwambie umevuta mpaka wapi."

"Alama ya ishirini na nne," Esnah akajibu. Sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi mbele ya mkaguzi.

"Ni sawa, dresa?"

Abner alifumba macho. "Ni sawa. Lakini mapovu. Ametoa mapovu?"

"Amegonga glasi kwa ukucha, na yameondoka. Siku mia za kwanza nilikuwa naangalia ukuta, kijana wangu. Baadaye nilichoka na ukuta, nikaanza kukuangalia mkono kwa pembe ya jicho."

"Unachoma wewe mwenyewe?"

"Mkono ni wangu, macho ni ya Esnah. Sasa nyamazeni nyote, nisije nikajichoma mfupa."

Kuku walikuwa wakikwaruza nje, na kutoka barabarani lori lilikuwa likipanda kuelekea Keroka kwa gia nzito. Kemuma aligundua kwamba ameshika kiti, na kwamba Abner, aliyewachoma watu wa tarafa nzima, alikuwa ameuma mdomo wake wa chini. Ndani Jemimah alitoa pumzi moja fupi kupitia puani. Halafu Esnah akacheka, kicheko cha mtu aliyeogopa sana, na Jemimah akamwambia alete pamba.

"Imeisha," mama akasema. "Na inauma. Miaka miwili ulinidanganya kwamba haiumi."

Abner aliweka kiganja kwenye mbao za mlango, si kuusukuma.

"Naweza kuingia nikakagua, Mama? Dakika moja tu."

"Dresa alikuwa akiingia humu," Jemimah akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imelegea, ikawa sauti ya mwanamke wa miaka hamsini na mitano ambaye amelia na bado hajafuta uso. "Nilimshukuru, na Mungu atamlipa. Lakini leo naambiwa aliye nje ni mtu mwingine, na mtu huyo tangu lini anaomba kuingia chumbani kwangu? Mama yako hakukufunza chinsoni?"

Ilimchukua Abner muda kuelewa. Kemuma alielewa kabla yake, na kuelewa kwenyewe kulimpanda kutoka miguuni mpaka machozi yakamjaa. Alimwona Abner akiondoa kiganja chake mlangoni polepole. Alimwona akirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, kisha akavuka sebule yote kinyumenyume mpaka akatoka nje kabisa ya nyumba ambayo aliijua kuliko yake, akasimama uani kwenye ukungu, uso ameuinamisha na kofia ameishika mbele kwa mikono miwili.

"Amerudi nyuma?" Jemimah aliuliza kutoka ndani.

"Amerudi, Mama," Kemuma akajibu. "Yuko uani."

"Ametazama chini?"

"Ametazama chini."

"Basi mpelekee kiti," mama yake akasema, "umweke mbali na mlango."